Yule Niliyemwandikia Hawezi Damu

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu ambao jicho langu bado linaona, na wewe kifungua mimba weka simu mfukoni, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba ni yenu nyote wawili, nusu kwa nusu, na hati yake imo kwenye sanduku la bati. Chumba cha mbele sikigawi. Najua mmeshakipima kwa ajili ya duka. Nilisikia futi ikivutwa ukutani mkidhani nimelala, wala sikukasirika. Lakini humo mna vitanda viwili nilivyoviomba hospitali ilipokuwa inavitupa, mna mgonjwa wetu wa kuigiza, suruali na shati vilivyojazwa matambara, na kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi, nimewafundisha humo watoto wa wasukuma mikokoteni na wauza mboga, watoto wenye akili zao ambao hawakuwahi kumwona hata mtu mmoja wa ukoo wao amevaa koti jeupe, namna ya kujibu maswali ya chuo cha uuguzi, namna ya kushika mkono wa mgonjwa, namna ya kusimama mbele ya daktari bila kuinamisha kichwa. Kifungua mimba, ulininung'unikia kwamba Jumamosi zangu niliwapa watoto wa watu. Ni kweli, mwanangu. Nisamehe, sina la kujitetea.

Ila linaloniliza si hilo. Mnamwona Kimya, huyu aliyesimama mlangoni na beseni, anayenifulia na kuniogesha, mkadhani nilimwokota mtaani tu. Alikuwa mwanafunzi wangu, na sijapata mwingine mwenye mikono kama yake. Siku nilipowapeleka wodini mara ya kwanza nilimpa mguu wa mzee mmoja ausafishe kidonda. Akafungua bandeji, akaanguka kama gunia. Nami, muuguzi mkuu wa wodi, niliyejigamba kwamba namtambua muuguzi tangu anapoingia mlangoni, nikachukua fomu yake ya chuo, penye maoni ya mdhamini nikaandika kwa mkono wangu: hawezi damu. Chuo kikaniamini. Miaka minne baadaye akaja kubisha hodi akitafuta kazi za ndani, nikamkumbuka, nikampa ufagio, nikajiona nina huruma.

Mwaka jana mgongo wangu ulipochubuka kwa kulala, yeye ndiye aliyenisafisha kile kidonda ambacho wewe, binti yangu, kilikutoa nje ukatapika, wala usione haya. Hakupepesa hata jicho. Nikamuuliza, mbona siku ile ulianguka?

"Mama, nilikuwa sijala tangu juzi yake."

Na mbona hukuniambia? Akakamua kitambaa.

"Hukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, labda ningepata usingizi.

Basi shikeni haya. Chumba kibaki cha masomo. Muuguzi wa wodi ya watoto, niliyemfundisha humo humo, amekubali kuendelea. Kabla ya daftari kufunguliwa kila mtoto anywe chai na mkate ashibe, wala msingoje mtu aseme ana njaa, maana hatasema. Barua ya Kimya iko chini ya mto wangu, nimekiri kosa langu humo kwa jina na cheo. Kifungua mimba, uipeleke chuoni wewe mwenyewe, na wakikwambia umri wake umepita, kaa hapo hapo mpaka mkuu wa chuo atoke akusikilize. Ukinifanyia hilo, nitajua umenisamehe zile Jumamosi. Naye asipige tena deki nyumba hii.

Nipe maji... hapana, acha, yananipalia.

Radhi zangu mnazo, nyote. Mungu awape afya, awape macho ya kumwona mtu kabla hamjamwandika. Msigombane juu ya vitu vyangu... ni vichache mno.

Kimya, weka beseni chini. Njoo. Vidole viwili, hapa, kwenye mshipa chini ya dole gumba... kama nilivyokufundisha. Hesabu kwa sauti, wakusikie. Binti yangu, usilie, utampotezea hesabu.

Hesabu, muuguzi... Ikisimama... wewe ndiye utakayewaambia.