Patasi Nilizozifanya Butu

Sikilizeni, nyote wawili, na msinikatize, maana nikikatizwa nitalia, na nikilia pumzi itaisha kabla ya maneno. Najua wosia ni wa wenye mvi, mimi nina miaka thelathini na mbili tu, lakini asubuhi daktari kakaa hapa kitandani akanishika mkono, na daktari hashiki mkono bure. Saa nane wananipeleka kupasuliwa. Naogopa. Haya, nimelisema, tuendelee.

Mdogo wangu, darasa la ufundi nakuachia wewe. Mwalimu mkuu atakwambia watoto wa darasa la sita wachore msumeno daftarini, inatosha. Tumegombana naye juu ya hilo miaka minne na sijamsamehe, ila leo nimechoka, basi namsamehe nusu. Usikubali. Miwani kwanza, nywele zifungwe, na mwenye msumeno mkononi haitwi jina mpaka auweke chini. Kila kigoda kikikamilika, ukikalie wewe kwanza, mbele yao wote. Mimi nimeanguka mara kumi na moja, ndiyo maana wananiita Mwalimu Puu, wanadhani sijui. Waache wacheke, kisha mwenye kigoda arudi kupima mguu upya. Hakuna kutupa. Kulia ruhusa, dakika tano.

Mwanangu, sanduku la vifaa la babu yako ni lako, na usitikise kichwa. Najua hujashika patasi tangu siku ile. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha mwaka mzima.

Ulipochanika kiganja nilisema mbele ya wenzako kwamba husikii, kwamba nilikukataza kuweka mkono mbele ya patasi. Kwenye daftari la ajali nikaandika hivyo hivyo. Sasa sikia nisiyoyaandika. Wiki ile zamu ya darasa lenu ilipofika niliingiwa na hofu, wewe wangu wa pekee, nikazichukua patasi zote nikazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka makali yakaisha, nikijiambia sasa hazitakukata. Mimi, fundi, binti wa fundi! Patasi kali huenda unakoisukuma; butu hugoma, unaongeza nguvu, inateleza. Ilikuteleza na nguvu zako zote. Kisha nikaogopa kufukuzwa kazi, nikakutwika kosa wewe. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kila nikikusuka nywele nilikuwa naliona lile kovu la kiganja, mkono umelala pajani pako, naendelea kusuka.

Mdogo wangu, noa. Kila Jumatatu noa zote, na ya mtoto unayempenda kuliko wote uinoe mara mbili. Lete hilo daftari la ajali nililokuomba uje nalo kutoka shuleni, nishikie kalamu, niandike upya. Hapa. Maandishi yamepinda, lakini yanasomeka.

Mwanangu, nisamehe, au kaa na hasira zako, ni haki yako, ila usi... Unasemaje? Sogea, masikio yanavuma.

Ulijua?

Ulipitisha kidole kwenye makali kabla ya kuanza, kama ninavyowafundisha, ukaona ni butu, na ukaendelea, kwa kuwa niliyekupa ni mimi. Na mwaka mzima ukabeba lawama ili nisiachishwe kazi. Ewe mtoto.

Basi wosia wenyewe ni huu, mengine yote mnaweza kuyasahau. Kifaa kibaya kirudishe. Hata kikitoka kwa mwalimu, hata kikitoka kwa mama. Sema, 'Mama, hiki hakifai.' Sema nisikie.

Sauti ndogo hiyo. Tena.

Hivyo. Mungu aibariki mikono yenu, wote wawili, iumie kidogo, ijifunze sana, ipone upesi... Hao wanakuja na kitanda cha magurudumu. Waambieni wasubiri kidogo. Mwanangu, sema tena... kwa nguvu... mama anasikia.