Epifania Niyonsaba, Aliyemtoa Daktari Harusini

Marehemu mama yetu Epifania Niyonsaba alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 Murungu, Kibondo. Alisoma hadi darasa la nne. Kusoma na hesabu alifundishwa, kunyamaza hakufundishwa.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na mzee Venanti, sasa marehemu, wakaishi Kagerankanda, Kasulu, wakajaliwa watoto watatu. Alilima maharage. Enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila aliyauza huko, na mnunuzi aliondoka na maharage pamoja na ushauri ambao hakuuomba.

Jambo la kutoachwa ni la Jumamosi, 16 Agosti 2014. Mkamwana wake Generoza, ndiye mimi ninayesoma wasifu huu, nilikuwa na mimba ya miezi minne, na moyo wangu mbovu ukashindwa kuibeba. Miguu ilivimba, pumzi hazitoshi. Hospitalini, daktari alisema mimba ikiendelea nitakufa. Lakini sheria inaruhusu kuitoa kwa kuokoa maisha ya mama tu, naye akaogopa kushtakiwa. Akataka daktari wa pili akubaliane naye. Huyo wa pili alikuwa harusini.

“Dokta,” marehemu akasema, “huyu yu macho na anakoroma kama mashine ya kusaga. Sheria inataka afe kiasi gani kwanza?”

Akapanda bodaboda. Alimkuta daktari mezani, akamwondoa na sahani yake ya pilau. “Utamalizia njiani, baba. Bibi harusi hana haraka, mkwe wangu anayo.”

Kabla jua halijazama madaktari walikuwa wamekubaliana, mimba ikatolewa, nikabaki hai.

Waliosema ameua mjukuu aliwajibu sokoni: “Mjukuu nimemlilia. Mlitaka nizike wawili ndiyo mfurahi?” Nilipokatazwa kubeba mimba tena, mashangazi walimtafutia Evaristi, mume wangu, mke wa pili. Marehemu akasema, “Aoe. Ila huyo mke akae kwenu, mumlishe nyie.” Habari ikaishia hapo.

Presha ilimwanza mwaka 2023. Mei 2025 alipata kiharusi. Nilipomlisha uji alinitazama: “Mwana wanje, mwanangu, nilikupigania ili uje kunipa uji usio na sukari?”

Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mkamwana mmoja ambaye yeye alimkataza kufa. Mungu ampumzishe kwa amani. Amepigana vya kutosha.