Mahali pa Kuitikia: Maisha ya Mwalimu Dionis Bura, Mtunzi wa Muziki wa Filamu

Baba Paroko, wazee wetu, shikamooni, nanyi nyote mliopanda mlima huu wa Tlawi katika ukungu, mimi Isidori, kaka yake marehemu, familia imeniomba niwasimulie safari ya ndugu yangu.

Marehemu Dionis alizaliwa hapa Tlawi tarehe 14 Agosti 1929, mtoto wa pili wa mzee Bura na mama Perpetua, naye mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kusikiliza kabla ya kuanza kulia. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1938 hadi 1945, ambako padri alimfundisha kinanda, na nyumbani baba alimfundisha slufay, sala ya wazee wetu ambayo msemaji huisema kwa mafungu na kutulia, ili waliokusanyika waitikie. Alipata kuniambia kwamba masomo hayo mawili yalikuwa somo moja, kwa kuwa hata waimbaji wa hekalu la kale waliandika katika Zaburi neno Sela pale ambapo, wasemavyo wataalamu, sauti hupumzika.

Alianza ualimu Dongobesh mwaka 1950, akafunga ndoa na Ludovika tarehe 6 Januari 1954, Sikukuu ya Tokeo la Bwana, wakajaliwa watoto watatu, Perpetua, Tomaso na Ernestina, na siku ya Uhuru ndiye aliyeongoza kwaya ya shule bendera ilipopanda.

Mwaka 1965 wapiga filamu wa serikali, waliokuja Hanang kupiga picha za mashamba ya ngano, waliisikia kwaya ile, wakamchukua hadi Dar es Salaam, naye akatunga muziki wa filamu kumi na moja, hata gari la sinema lilipofika vijijini watu waliuliza kwanza kama muziki ni wa Mwalimu Bura.

Mwaka 1975 ilitengenezwa filamu ya kuhamia vijiji vya ujamaa, naye katika wimbo wake akaacha vimya vitatu, kama vile vya slufay, kwa kuwa mtu aliyebomoa nyumba ya baba yake na kuhama ana neno, na neno huhitaji nafasi. Fundi wa sauti, Bwana Seifu, akidhani ni hitilafu ya utepe, alivikata kwa nia njema. Filamu ilipoonyeshwa kijijini Dirma, kwenye shuka jeupe, Mlima Hanang ukiwa bado na mwanga kileleni, watu walifumbua vinywa kuitikia, muziki ukawapita, wakafumba tena, na marehemu, aliyeketi kati yao, hakula siku ile.

Alisafiri siku tatu kurudi studio. Bwana Seifu akamwambia, "Mwalimu, pale hapakuwa na kitu." Naye akajibu, "Pale hapakuwa pangu, palikuwa pa watu." Vimya vikarudishwa, na filamu ilipoonyeshwa kijijini Bashay, kilipofika kimya cha kwanza, wazee waliitikia, kisha akina mama, kwa sauti ya chini kama mvua inayokuja kutoka mbali, na Bwana Seifu, aliyekuja na gari, aliizunguka mashine yake mara mbili akitafuta sauti ile inatoka wapi.

Mwaka 1981 aliugua koo, akatibiwa kwa muda mrefu, sauti ikamwacha taratibu, na tarehe 3 Mei 1983, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Karatasi aliyomwandikia Ludovika ina ombi moja, kwamba wimbo ule upigwe kaburini, na asiachwe bila kuitikiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kuleta kuni, walimu wenzake, na Bwana Seifu, aliyeubeba utepe huo mapajani kutoka Dar es Salaam.

Sasa ataupiga. Utakapofika penye kimya, msitazamane, wala msidhani mashine imeharibika.

Dionis, mdogo wangu, sehemu yako umekwisha kuisema, pumzika kwa amani, hapa sasa ni petu.