Luz Dary Hapigi Mara Moja

Benchi letu liko katika mji wa Calarcá, Kolombia, upande wa uwanja unaopata kivuli asubuhi, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Hakuna aliyeligawa, lakini kila mtu anajua makalio yake yanakaa wapi. Mwisho wa kulia ni Redio, aliyetangaza safari za mabasi pale stendi miaka ishirini na sita na mpaka leo hajui kunong'ona. Katikati ni Mwanasheria, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka barua za ofisi ya mthibitishaji hati, na sheria hajaisoma hata siku moja. Kushoto ni Tairi, anayeziba pancha za magari ya jeep yanayopanda mashambani. Doña Edilma, yaani Bi Edilma, haketi. Yeye husimama na kigari chake chenye chupa nne za kahawa, anauza na kuingilia kila neno. Jumamosi hiyo Tairi alichelewa, na alipofika alikaa bila kumsalimia mtu.

— Vipi, umelala vibaya? Redio akamuuliza.

— Mjomba wangu Aristóbulo yuko hospitali. Nyonga.

— Yule wa kule juu shambani? Anayeishi peke yake?

— Huyohuyo. Jumatano alfajiri kaanguka jikoni. Kaokotwa Alhamisi saa tano asubuhi.

Doña Edilma akaacha kumimina.

— Siku nzima sakafuni? Na usiku wake?

— Na usiku wake. Sakafu ya saruji, na ile baridi ya kule. Daktari anasema usiku mmoja zaidi tungekuwa tunachimba kaburi.

— Na nani kamwokota?

— Doña Rubiela, mwenye duka pale njia panda. Lakini Rubiela hakwenda kwa akili yake. Alitumwa.

— Na nani?

— Luz Dary.

Luz Dary Ocampo tunamjua wote. Anauza mashine za masikio, zile ndogo za wazee, katika duka lililo jirani na duka la dawa. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau sufuria motoni.

— Ngoja, akasema Redio. Luz Dary alikuwa huku mjini. Mjomba wako yuko mlimani, mwendo wa saa nzima kwa jeep. Alijuaje?

— Ndiyo maana sijalala.

— Mimi najua alijuaje, akajijibu Redio. Ile mashine ya sikio aliyomuuzia ina kinasa sauti. Mjomba wako kaanguka, puu, na yeye dukani kasikia kishindo.

— Usinichekeshe, akasema Mwanasheria. Kinasa sauti hakifiki mbali hivyo. Hiyo ni setilaiti. Sheria ya mawasiliano inasema wazi, kifaa chochote kinachoingia mwilini lazima kionekane kutoka juu.

— Sheria namba ngapi?

— Namba sikumbuki, lakini karatasi yake niliibeba kwa mikono hii.

— Ulibeba bahasha, mzee. Ndani hukuona.

— Basi nieleze wewe hili. Mwaka jana alimpigia simu mke wangu, akamuuliza hali ya kasuku. Akamtaja kasuku kwa jina. Mke wangu hakumbuki kama aliwahi kumwambia. Yaani mtu anauza mashine za masikio halafu anamjua Napoleón wangu?

Redio akakuna kidevu.

— Sasa umenikumbusha. Mama yangu, siku betri zake zinamwishia, simu inalia. Luz Dary: doña Carmenza, nimekuwekea betri. Siku ileile. Mara ya kwanza nikasema bahati. Ya pili nikasema bahati. Ya tano nikaanza kuogopa.

— Bibi yake alikuwa wa Riosucio, akasema doña Edilma kwa sauti ya chini. Alikuwa anasoma moshi wa mshumaa. Vitu hivyo huenda kwenye damu.

— Moshi hautaji kasuku, akasema Mwanasheria.

— Wewe unajua nini kuhusu moshi? Marehemu wanaona kila nyumba. Mwenye kusikizana nao anaambiwa: fulani kaanguka, fulani betri zimekwisha.

— Kwa hiyo marehemu wanahesabu betri.

— Wana kazi gani nyingine?

Nilikuwa nashona soli, nikaacha sindano ndani ya ngozi. Redio akaanza kueleza kwamba inawezekana mashine inapima mapigo ya moyo kupitia sikio, kisha Mwanasheria akasema hata ndoto inaweza kupimwa, mambo hayo yapo Japani. Walikuwa wamefika kwenye ndoto za wafu alipotokea Luz Dary mwenyewe, na mfuko wa mikate ya jibini mkononi. Kawaida hununua kahawa moja na kuondoka. Safari hii Tairi alisimama na kumpisha mahali pake. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona akimpisha mtu.

— Dada Luz Dary, kaa kidogo.

— Nina mteja saa nne, kaka. Mjomba anaendeleaje?

— Amekula supu. Anataka kurudi shambani leo.

— Hiyo ndiyo dawa yake. Mwambie nitampitia jioni.

— Kaa kwanza, akasema Mwanasheria. Tuna swali, na ni la heshima. Ulijuaje?

Luz Dary alitutazama mmoja baada ya mwingine kuona kama tunamtania. Akaketi.

— Sikujua. Nilipiga simu, hakupokea.

— Ndiyo hivyo tu?

— Ndiyo hivyo tu. Jumatano ilikuwa zamu yake.

— Zamu gani?

Akatoa simu yake, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaishika katikati ili sote tuone. Hata mimi nilitoka kibandani.

— Hii ni programu ya kutunza wateja. Wauzaji wakubwa wanaitumia kukumbuka nani wa kumuuzia. Mimi nimewaweka humu watu wangu wote, mia nne thelathini na wanane. Kila mmoja ana ukurasa wake. Nimewagawa makundi. Waliovaa mashine juzijuzi, nawapigia kila wiki, maana wiki za kwanza kelele zinawachosha na wanaitupa kwenye droo. Waliokwisha kuzoea, kila miezi mitatu. Kwa mama yako, don Gildardo, najua pakiti ya betri inakwisha lini, basi nimeweka kikumbusho siku hiyo.

Don Gildardo ndiye Redio. Ni mara chache mtu humwita hivyo, na alikaa wima.

— Na kasuku? akauliza Mwanasheria.

— Mkeo alisema siku ya kupima kwamba anataka kumsikia Napoleón tena. Niliandika. Nikiongea na mtu naandika, kabla sijakata simu. Kichwa changu hakina nafasi ya makasuku wa watu.

Doña Edilma alikuwa ameinamia simu mpaka kahawa ikawa inamwagika kwenye kisahani.

— Na hili kundi jekundu?

— Hao wanaishi peke yao. Sitini na mmoja. Nawapigia kila Jumatano ya pili, hata kama hakuna cha kuuza.

Akafungua ukurasa wa mjomba. Sikuwa na miwani, kwa hiyo Redio alisoma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisoma polepole.

— Aristóbulo Giraldo. Miaka themanini na mmoja. Sikio la kulia. Simu huiweka dirishani jikoni, ndipo mtandao unaposhika. Saa nne asubuhi, akishatoka kulisha kuku. Hupokea kabla ya mlio wa nne. Asipopokea, rudia kesho. Asipopokea tena, mpigie Rubiela wa duka.

Akaishia hapo. Mwanasheria alivua kofia, akaiweka juu ya goti, kama tunavyofanya jeneza likipita, ila hapa hapakuwa na jeneza. Nadhani hilo la kutokuwepo jeneza ndilo lililotushika wote. Tulikuwa tumetafuta setilaiti na moshi na wafu, kumbe ilikuwa mistari michache iliyoandikwa na mtu aliyesikiliza.

— Ulianzaje? nikauliza.

— Duka lilikuwa na kadi za wateja ndani ya maboksi ya viatu. Kila sikukuu tulituma salamu kwa wote. Siku moja akaja binti wa doña Ismenia, na salamu yetu mkononi. Mama yake alikuwa amekufa miezi mitano kabla. Hakugomba. Aliiweka juu ya meza akasema, mama alikuwa akiisubiri simu yenu, ile mashine ilikuwa inamuumiza, kaivua, na tangu siku hiyo hakuongea na mtu. Akaondoka. Nilikaa wiki tatu na yale maboksi, nikiingiza kadi moja moja kwenye simu.

Alikunywa kahawa yake. Tairi alikuwa bado amesimama, mikono nyuma.

— Alinisimulia hospitali, akasema. Mjomba. Mashine ilikuwa sikioni, haikudondoka. Jumatano alisikia simu ikilia pale dirishani, juu ya kichwa chake, hawezi kuifikia. Alihesabu. Milio kumi na miwili. Ikanyamaza. Nikamuuliza, hukukata tamaa? Akasema: hapana. Nilijua ni yeye. Nikajiambia, Luz Dary hapigi mara moja. Nikajifunika gunia, nikasubiri kesho.

Luz Dary aliweka kikombe chini.

— Hilo hakuniambia.

— Mimi namba yake ninayo, akaendelea Tairi. Iko humu kwenye simu, mjomba A, ya kwanza kabisa. Mara ya mwisho nilimpigia Krismasi.

Doña Edilma alimjazia Tairi kikombe bila kuombwa. Redio alitazama viatu vyake.

Hapo ndipo akaja mgeni mmoja. Mwanamume wa makamo, mwenye koti la mvua begani na mwavuli mweusi mkononi, wa mpini wa mbao. Alisalimia vizuri, akasema anatoka mji wa Génova, mkoani humu, huja mjini mara moja moja kuuza asali.

— Samahani, wakubwa. Kuna bwana mmoja aliniazima mwavuli huu siku ya mvua kubwa. Mwembamba, ana masharubu meupe, mnamwita Kamanda. Aliniambia niurudishe benchi hili, hakosi. Yuko wapi?

— Kamanda? akasema Redio. Alikuwepo hapa hapa. Wiki iliyopita.

— Wiki iliyopita hakuwepo, akasema doña Edilma.

— Basi ile nyingine.

— Ile nyingine tulikuwa na mvua, tulikaa chini ya paa la duka la dawa, na yeye hakuwepo. Mimi namuuzia bila sukari, ningekumbuka.

Mwanasheria alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kwenye sikukuu za mji, akarudi nyuma, akaanza upya. Nilijaribu kumwona kichwani, na nilimwona vizuri sana, akicheka, akimwita Tairi mwizi wa mpira. Lakini ilikuwa lini, sikuweza kusema. Miaka kumi na moja ameketi nasi.

— Nipeni namba yake, akasema Luz Dary, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya ukurasa mpya.

Redio alipekua simu yake, akairudisha mfukoni.

— Anakaa mtaa gani?

— Upande wa mtoni, akasema Redio. Au kule karibu na soko la zamani. Huwa anatokea upande ule.

— Jina lake kamili?

Mgeni wa Génova alisubiri na mwavuli wake, akidhani tunakumbuka. Mwanasheria alisema Kamanda, basi, jina jingine hatukuwahi kumuuliza. Doña Edilma alijaribu chupa ya nne, na haikutoa kitu. Luz Dary hakutulaumu kwa neno wala kwa jicho. Aliandika alichokuwa nacho: Kamanda. Masharubu meupe. Kahawa bila sukari. Namba akaiacha wazi, na mtaa akauacha wazi. Kisha akafika kwenye mstari wa tarehe ya kumtafuta, akaandika leo.

Akampigia mteja wake wa saa nne, akamwomba asogee mpaka alasiri. Tairi akashika njia ya mtoni. Redio na Mwanasheria wakaenda upande wa soko la zamani, na mgeni akawafuata na mwavuli. Mimi nilifunga kibanda saa tatu na nusu asubuhi, kiatu cha mtu kikiwa bado na sindano ndani, nikaanza kumuulizia kwenye nyumba ya kwanza ya kona.