Leo Tunafunga Kiwanda cha Mokeira

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu. Chifu pamoja na manaibu wako. Mchungaji wangu, na wewe Padre uliyekubali kuketi karibu naye. Wazee wa ukoo. Akina mama mliotulimia wimbi. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Kisii, Keroka na Nyamira mjini. Na ninyi vijana mliosimama kule nyuma mkiegemea ukuta ilhali viti vipo: hamjambo?

Mwenye kuendesha shughuli ameninong'oneza niseme maneno ya kutia moyo. Nimemwambia nitajaribu, lakini namjua Mungu wangu, hapendi uongo. Siku tulipofungua kiwanda hiki tulikuwa na hema, tulikuwa na kwaya, na kila mwenye cheo alitaka kushika mkasi wa kukata utepe. Leo tunafunga, na hakuna anayeutaka mkasi. Hata hivyo Mokeira amesisitiza kwamba mlioalikwa kuona mwanzo mna haki ya kuona mwisho, tena muambiwe sababu kwa sauti, msije mkaisikia sokoni ikiwa imeongezwa chumvi.

Kwa msionijua, mimi ni Obadiah Ombati. Marehemu mama yake Mokeira alikuwa dada yangu. Kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa kuonja chai kiwandani. Watu husikia neno kuonja wakadhani ni starehe! Unasimama mbele ya safu ya vikombe, unavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele ambayo mke wako hawezi kuivumilia mezani, unaizungusha mdomoni, unaitema, unahamia kikombe cha pili. Nimetema chai nyingi kuliko ile ambayo wengi wenu mmekunywa. Kwa hiyo Mchungaji, uliposikia kwamba mzee wa kanisa lako anaonekana kwenye kiwanda cha bia, ulisikia kweli, na nilikujibu mbele ya baraza kwamba ulimi umeonja na koo halijui habari hiyo. Ulicheka siku ile. Nakushukuru kwa kucheka.

Sasa, kwa nini msichana aliyesomea mambo ya vinywaji, akapata kazi nzuri Nairobi, arudi Nyansiongo na kukodi banda hili lililokuwa la maziwa, lenye paa linalovuja upande wa kaskazini? Alirudi kwa sababu ya kaka yake, Mose. Ndiye huyu aliyeketi hapa mbele, mwenye koti la kijivu. Mabenchi mnayoyakalia ni kazi ya mikono yake. Hapakuwa na seremala kama yeye kutoka hapa mpaka Keroka, na hapakuwa na mtu aliyeipenda chang'aa kama yeye. Mose ameniruhusu niseme hivyo. Amesema, "Mjomba, sema yote, mimi sina cha kuficha tena."

Daktari alituambia kwamba mtu aliyezoea kiasi kile hafai kukatizwa ghafla nyumbani bila wa kumwangalia, mwili wake unaweza kugeuka ukamwua. Ashushwe polepole, chini ya macho ya wanaojua. Mokeira aliposikia polepole, akili yake ilifanya kazi. Kama wanaume wetu hawawezi kukaa bila glasi mkononi, alisema, basi niwape glasi ambayo itawarudisha nyumbani kwa miguu yao. Bia ya kweli, yenye povu na harufu, lakini pombe yake asilimia mbili na nusu tu. Na kwa kuwa pombe ikipungua ladha nayo hukimbia, aliamua kuijaza ladha kwa hopsi, yale maua makavu ya kijani ambayo huipa bia uchungu wake.

Je, mnafikiri ilikuwa rahisi? Bia ya kwanza niliyoonja hapa ilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria, kisha mtu akakamulia dawa ya malaria. Uchungu ulikuwapo, lakini haukuwa na mahali pa kukaa, ulisimama peke yake mdomoni na kunikaripia. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaimwaga yote, akaanza tena. Akabadili hamira, akabadili moto. Nikatema tena, nikatikisa kichwa tena. Ndipo akakumbuka wimbi la hawa akina mama, akalifanya kimea, akalichanganya na shayiri. Ndugu zangu, siku ile nilivuta kijiko nikasahau kutikisa kichwa. Ilianza na ganda la chungwa lililomenywa sasa hivi. Ikafuata harufu ya nyasi zilizokatwa na umande wake. Halafu wimbi likaingia chini, zito kidogo, lenye joto la uji, na uchungu ukaja ukaketi juu yake kwa adabu, ukakaa nyuma ya ulimi muda mrefu baada ya mimi kutema. Nimeonja maisha yangu yote na sijui kama nimewahi kukutana na kitu kilichotengenezwa kwa upendo mwingi hivyo. Nilitoka nje nikasimama kwenye majani ya ng'ombe, mzee mzima, nalia.

Kisha tukaipeleka kwa watu. Mokeira alikunywa kwanza mbele yao, kama anavyotakiwa kwetu mwenye pombe, kisha akawapa. Na swali la kwanza la kila mtu lilikuwa moja. Halikuwa ina ladha gani. Halikuwa umeitengeneza vipi. Lilikuwa, "Ina asilimia ngapi?" Akijibu, wanacheka. Anyona, fundi wetu wa pikipiki, nakuona pale ukutani, wewe ulisema, "Mzee, hii ni soda imekasirika tu. Haishiki!" Watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi nilicheka, kwa sababu ulisema vizuri. Lakini nilimtazama Mokeira. Alikuwa anafuta glasi ambayo tayari ilikuwa kavu.

Hata hivyo Mose aliinywa. Msimu mzima wa kuvuna mahindi aliinywa, na daktari akimwangalia, akashuka kutoka glasi hadi nusu glasi. Alirudi kwenye mbao. Alinenepa mashavu. Tulianza kumtuma sokoni na akarudi na vitu alivyotumwa. Halafu jambo la ajabu likatokea, nasi tukalisherehekea kama wajinga: bia ikaanza kununuliwa. Vijana walewale waliocheka walikuja na chupa, wakachukua, wakarudi. Mheshimiwa, ulikuja hapa ukatusifu kwa kubadilisha jamii. Tulikupigia makofi.

Hatukujua walikuwa wanaipeleka wapi. Mose ndiye aliyejua, kwa kuwa walimwita akaenda, na akishaenda Mose hakuwa na nguvu ya kurudi. Walikuwa wanaichanganya na chang'aa. Nilimuuliza hospitalini, kitandani, "Mwanangu, kwa nini bia ya dada yako?" Akaniambia, "Mjomba, ile chang'aa ya siku hizi inanuka dawa, inachoma, mtu akiivuta anajua kuna kitu kimetiwa. Lakini ukiitia bia ya Mokeira, ule uchungu unafunika yote. Inashuka vizuri."

Inashuka vizuri. Mnasikia jambo hilo? Kitu pekee kilichokuwa kinawaonya watu wetu, ile harufu mbaya, ule moto kooni, ndicho kitu ambacho msichana wangu, kwa werevu wake wote na kwa ulimi wangu wote, aliwasaidia kukifunika. Alitengeneza uchungu mzuri kiasi kwamba sumu ilijificha ndani yake. Mose alianza kuona kila kitu kana kwamba kuna moshi wa jikoni mbele ya macho. Alidhani ni usingizi, akalala. Alipoamka moshi ulikuwa umekuwa giza, na giza hilo ndilo alilokuja nalo hapa leo.

Mtaniuliza, Mzee Ombati, sasa tufanye nini? Sijui. Nasema wazi mbele ya viongozi wangu kwamba sijui. Chifu, wewe umemwaga mitungi mpaka mto ukanuka, na wiki iliyofuata mitungi ikajaa. Mchungaji, umehubiri. Padre, umehubiri, na wewe una sauti kuliko Mchungaji, anisamehe. Wake wamelia, watoto wamefichwa kwa bibi zao. Mokeira alikuja na njia ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria, njia ya upole, isiyomtukana mlevi wala kumfukuza, na njia hiyo nayo tumeigeuza kuwa kifuniko cha sumu. Ni watu gani sisi? Tukipewa dawa tunatafuta jinsi ya kuitumia kufa. Nimechoka, ndugu zangu. Nasema kwa kinywa changu, nimekata tamaa.

Mokeira mwanangu, simama watu wakuone. Mnaosema ameshindwa biashara, mtazameni. Biashara haikumshinda, bia ilikuwa inatoka kuliko zamani. Aliacha kuuza siku ileile aliyojua inakwenda wapi, akiwa na wateja mlangoni. Nani kati yetu angefanya hivyo? Keti, mama. Asante.

Sasa nifike kwenye ratiba. Imeandikwa kwamba baada yangu tutaonja pipa la mwisho, glasi ndogo kwa kila mgeni, tuagane. Hatutaonja. Asubuhi tulipokuja kupanga viti tulikuta kufuli limekatwa na pipa ni jepesi. Limenyonywa lote. Chifu anajua, nilimwomba asiseme wala asimkamate mtu mpaka nimalize, na ndiyo sababu nimesimama hapa nikizungumza na ukuta wa nyuma zaidi ya meza ya mbele.

Siwaulizi nani ameiba. Bia ni yenu, ingekuwa yenu leo kwa bure. Nauliza mmeinywa na nini. Mnajua mmeinywa na nini. Na tangu jana usiku mpaka saa hizi, ndio muda ambao Mose aliona moshi akadhani ni usingizi.

Hakuna atakayekamatwa. Chifu, itikia watu wasikie. Amesema hatamkamata mtu. Ndugu Abdirahman, jirani yetu wa duka la vyuma, ambaye hajawahi kugusa tone la bia hii na amekuja kwa ajili ya ujirani, ameegesha pikapu yake hapo mlangoni, ina mafuta na godoro, na Kisii daktari ameshaambiwa. Akifikishwa mapema, aliyekunywa anaweza kupona na macho yake. Mose hakufikishwa mapema. Sijui mko wangapi. Ninajua mnaona aibu, na aibu huua watu wengi hapa kwetu.

Kwa hiyo sitamwita mtu kwa jina. Mose ndiye aliyenifundisha la kufanya. Amesema, "Usiwaulize wamekunywa nini, watakataa. Waulize wanaona nini." Basi naomba kila aliye nyuma anitazame. Nimeinua mkono. Mtoto, toka mbele yao. Nimeinua vidole, na ninataka kila mmoja aniambie ni vingapi. Semeni.

Viwili. Ndiyo. Viwili, vizuri. Wewe wa kofia? Viwili. Asante.

Anyona?

Anyona, mbona unatazama mlango? Nitazame mimi. Vidole vingapi?

Hapana, msicheke. Nyamazeni kidogo, nimsikie. Umesema nini, Anyona?

"Mkono upi?"

Huu, mwanangu. Huu niliouinua.

Mshikeni, asianguke kwenye mabenchi. Mokeira, kimbia mbele ufungue mlango wa gari. Mheshimiwa, Mchungaji, Padre, wageni wetu wote, mmenisikiliza kwa uvumilivu nami nawashukuru sana. Tafadhali ondokeni njiani, apite.