Mizani ya Mbuta Katika Wodi ya Watoto: Maisha ya Marehemu Phelesia Aloo Nchagwa, 1958–1999

Kisa kilicho ndani ya wasifu huu hakuna atakayekiamini, hata wale waliokiona kwa macho yao. Anayeusoma ni Javan Ongong'a, baba mdogo wa marehemu, na inajulikana kutoka Sori hadi kisiwa cha Remba kwamba Javan akinunua samaki wa kilo tatu, akifika nyumbani samaki amekuwa wa kilo tisa. Kwa hivyo familia imemwekea masharti. Kila tarehe imekaguliwa na Mwalimu Stanley Nchagwa, mume wa marehemu, kwa kalamu nyekundu. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu wakwe wetu wa hapa Mabera hawasikii Kijaluo, na watu wa Karungu hawasikii Kikuria, na Javan, aliyeachia masomo darasa la nne, hataki mtu aseme baadaye kwamba hakuelewa. Hasa wageni wa hospitali walioketi pale mbele kwenye viti vya plastiki.

Phelesia Aloo alizaliwa Jumanne tarehe 11 Machi 1958 huko Sori, Karungu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elisha Ongong'a na Mama Bathsheba. Alikuwa mtoto wa maswali. Alipokuwa na miaka sita, Javan aliwakusanya watoto wa boma akawaeleza jinsi alivyomvuta kiboko kutoka majini kwa mkia. Watoto wote walishika vinywa. Phelesia akauliza, "Baba mdogo, mkia wa kiboko si ni mfupi kama kiganja? Ulishika kwa mikono miwili ikatosha?" Kisa hicho hakijasimuliwa tena Karungu.

Alisoma shule ya msingi Karungu kuanzia 1965 hadi 1971. Baba yake alifariki mwaka wa 1970, na Javan amewaambia watu wengi, kwa miaka mingi, kwamba yeye ndiye aliyemsomesha. Hapa kalamu nyekundu imeandika: "Karo ililipwa na Mama Bathsheba kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani. Javan alitoa sanduku la bati." Sanduku lilikuwa zuri. Alilibeba akaenda nalo sekondari huko Kisii, 1972 hadi 1975, kisha chuo cha utabibu Nairobi, ambako alifuzu mwaka wa 1979 kuwa mtaalamu wa dawa.

Aliajiriwa hospitalini Kisii Januari 1980, na huko ndiko alikokutana na Stanley. Mwalimu alifika kwenye dirisha la dawa na kikohozi na karatasi yenye dawa nne. Phelesia aliisoma, akaenda kuongea na aliyeiandika, akarudi akampa dawa moja na kumwambia anywe maji mengi. Mwalimu alirudi baada ya wiki kulalamika. Akarudi tena bila lalamiko lolote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982. Siku ya mahari Javan aliwaambia wazee wa Mabera kwamba wanaoa daktari mkubwa wa upasuaji, na ng'ombe walikuwa wanapanda vizuri, mpaka sauti ikatoka jikoni: "Mtaalamu wa dawa, baba mdogo! Mimi sijawahi kupasua hata jipu!" Ng'ombe wakashuka wawili. Mungu aliwajalia watoto watatu: Oliver, Pauline na Phanice.

Mwaka wa 1987 alihamia hospitali moja ya upande wa Homa Bay. Hospitali hiyo haitatajwa kwa sababu Mama Bathsheba ameomba isitajwe, na kwa sababu inajijua.

Mizani ya wodi ya watoto ya hospitali hiyo iliharibika mwaka wa 1992. Kutoka hapo mtoto akiletwa na malaria kali, muuguzi alimwangalia mara moja, akauliza umri, akaandika kilo alizokisia. Sasa kwinini ni dawa inayotolewa kwa kilo za mtoto. Ikizidi, inamdhuru. Ikipungua, malaria inarudi ikiwa na hasira. Mei 1994 msichana wa miaka mitatu kutoka Remba alifariki wodini. Karatasi yake ilisema kilo kumi na nne. Mama yake, Filister, alikuwa na kadi ya kliniki ya wiki iliyotangulia, na kadi ilisema kilo nane na nusu. Phelesia alibeba kadi na karatasi mpaka ofisi ya daktari mkuu.

"Daktari, huyu alipewa dawa ya mtoto wa kilo kumi na nne."

"Unataka kusema tumemuua?"

"Nataka kusema hatujui. Ndiyo maana naomba mizani."

"Bajeti hakuna. Rudi dirishani, mama."

Bajeti hakuna! Mwaka huo huo lango la hospitali lilipakwa rangi mara mbili, kwa sababu mgeni aliyepakiwa rangi ya kwanza hakufika. Kalamu nyekundu imejaribu kufuta sentensi hiyo. Javan amekataa.

Phelesia alienda Karungu kwa baba yake mdogo, ambaye wakati huo alikuwa akinunua samaki aina ya mbuta ufuoni kwa niaba ya malori ya kiwanda, na akamwomba mizani yake ya kutundika. Javan alimpa hapo hapo, akajisifu wiki nzima. Phelesia aliiosha kwa dawa mpaka harufu ya samaki ikapungua, ingawa haikuisha, akaitundika kwenye mlango wa wodi na leso imara chini yake. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. "Sista, huyu wangu kilo ni bei gani leo?" Sista Edith, aliyesimamia wodi, alicheka pia, lakini alikubali kwamba tangu siku hiyo kila mtoto apewe dawa kulingana na mizani. Wakapanga hivi: muuguzi akisie kwanza kwa macho, iandikwe, kisha mtoto apimwe, iandikwe, na dawa ifuate kipimo. Huo ndio ulikuwa utafiti wake, na ulikaa ndani ya daftari moja la shule lenye kurasa mia mbili.

Katika wiki tatu walipimwa watoto hamsini na wanane. Ndipo alipofanya jambo ambalo halingemjia Javan hata ndotoni. Alinunua pakiti tano za unga za kilo mbili mbili, akaipima mizani yenyewe.

Jumapili tarehe 3 Julai 1994 alifika ufuoni Karungu watu wakiwa wametoka kanisani na wavuvi wamejaa.

"Baba mdogo, mizani yako ina ugonjwa gani?"

"Ugonjwa? Hiyo ni nzima kuliko mimi."

"Kilo kumi za unga inasema nane."

"Labda unga umekauka, nyathina, mtoto wangu. Siku hizi wanasaga vibaya."

"Pakiti zimefungwa."

Wavuvi walianza kusogea karibu. Javan alimshika mkono akamsogeza kando akaungama. Alikuwa ameikaza springi ya mizani mwenyewe, mwaka wa 1991, ili kila mbuta apungue kidogo akining'inizwa. Watu wa Karungu mliofika leo, kaeni chini tafadhali. Mtazungumza naye wakati wa chakula. Alidhani anaiba samaki tu. Hakufikiria kwamba siku moja mizani hiyo ingewaonyesha watoto wa watu kuwa wepesi kuliko walivyo, nao wapewe dawa pungufu.

Phelesia hakumkaripia. Alimpa daftari alibebe. Kwa majuma sita, siku zake za mapumziko, wawili hao waliwatafuta wale hamsini na wanane, kwa baiskeli na kwa mguu, na kwa boti hadi Remba. Waliwapata hamsini na watatu, wote hai. Wanne kati yao malaria ilikuwa imerudi, wakatibiwa upya. Watano hawakupatikana, na Javan mpaka leo akipita soko lolote huangalia nyuso za watoto wa umri huo.

Mizani ilitengenezwa, ikapelekwa kwa watu wa vipimo, ikagongwa muhuri. Phelesia alipiga mstari juu ya kazi yote ya wiki tatu akaanza kuhesabu upya. Kufikia Desemba alikuwa amepima watoto mia tatu na kumi na wawili. Kati yao, mia moja thelathini na mmoja wangepewa kipimo kisicho chao kama macho ya muuguzi yangeaminiwa. Aliandika ripoti ya kurasa ishirini na mbili, Mwalimu Stanley akaipiga chapa. Kwenye ukurasa wa tisa aliandika: "Katika wiki tatu za kwanza mizani yetu ilikuwa na kasoro, na watoto hamsini na wanane walipungukiwa dawa." Aliandika *yetu*. Javan alimsihi kwa magoti.

"Ruka hiyo karatasi, nyathina. Nani atajua?"

"Nikiiruka hiyo, zile nyingine ni za kazi gani?"

"Basi niandike mimi. Sema ni mizani ya Javan."

"Mizani niliitundika mimi. Na nilipaswa kuipima siku ya kwanza."

Daktari mkuu alisoma ukurasa wa tisa tu. Kwenye mkutano wa tarehe 19 Januari 1995, mbele ya wafanyakazi wote, aliuinua juu akasema, "Huyu mama amekiri mwenyewe." Barua ya uhamisho ilisema alihatarisha wagonjwa kwa kifaa cha soko la samaki. Jamani! Watu waliokisia kilo za watoto miaka miwili na zaidi hawakuwa na ukurasa wa tisa kwa sababu hawakuwahi kuandika hata ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyewauliza. Aliyepima, akakosea, akasema amekosea, akawafuata watoto mpaka kisiwani, huyo ndiye aliyefungishwa virago. Na Sista Edith aliposimama kumtetea aliambiwa aketi. Sista Edith, uko hapa. Simama leo, mama. Hakuna wa kukuketisha.

Mwaka wa 1996 hospitali hiyo ilinunua mizani mpya ya watoto. Kulikuwa na utepe, mkasi na soda. Jina la Phelesia halikutajwa. Javan alikuwepo, na alinyamaza, kwa sababu kusema kungemlazimu kueleza springi. Kunyamaza huko kumemuuma miaka mitatu, basi leo asikilizwe vizuri. Kosa la ukurasa wa tisa lilikuwa la Javan Ongong'a, mnunuzi wa samaki. Mkirudi ofisini mfungue faili la marehemu mkaandike hivyo, na mkikosa nafasi, mfute ile barua ya uhamisho, nafasi itapatikana.

Kuanzia Februari 1995 marehemu alihudumu katika kituo cha afya upande wa Migori, ambako alipewa stoo ya dawa na meza moja. Ndani ya mwezi alikuwa ametoka stoo akaingia wodini. Watoto walipimwa. Wagonjwa waliodai sindano kwa kila mafua aliwakalisha chini akawaeleza, na wengine walimtukana wakaenda kudungwa dukani, kisha wakarudi kwake na majipu. Aliwasafisha bila kuwacheka. Javan angewacheka.

Ugonjwa ulianza Novemba 1998 kama maumivu ya ubavu. Februari 1999 aliambiwa huko Kisumu kwamba ni saratani ya ini na imechelewa. Alipolazwa, aliandikiwa dawa saba. Alishika ile karatasi akauliza moja baada ya nyingine, "Na hii ni ya nini?" Daktari kijana alijibu nne. Kwa zile tatu alisema, "Huwa tunaandika tu." Phelesia alimrudishia kalamu. Wauguzi walimwita mgonjwa mkaidi. Daktari huyo yuko hapa, amekuja kwa nauli yake, na familia inamshukuru kwa kuzifuta.

Aliomba arudishwe nyumbani Juni. Alifariki hapa Mabera Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, saa nne asubuhi, mumewe na mama yake wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mumewe Mwalimu Stanley Nchagwa. Watoto wake Oliver, Pauline na Phanice. Mama yake mzazi Bathsheba. Dada zake wawili. Na baba yake mdogo Javan, ambaye angalikwenda badala yake kama kungekuwa na ofisi ya kupokea maombi hayo. Mungu ampokee Phelesia, ampumzishe pasipo maumivu.

Kulikuwa na aya moja zaidi. Javan aliiandika mwezi wa Julai akamsomea marehemu kitandani, ili aende akijua atakavyosemwa. Alikuwa amefumba macho na Javan alidhani amelala. Haikumalizika, na familia imekubaliana isomwe hivyo hivyo ilivyokatikia:

"Na kwa sababu ya mwanamke huyu mmoja, tangu Homa Bay hadi Migori, hakuna wodi hata moja leo ambamo mtoto hupewa dawa kabla ya kupi—"

"Baba mdogo, ngoja. Umeingia wodi ngapi ukaangalia?"