Sadrudin Walji na Povu Lililochelewa

Marehemu Sadrudin Walji alizaliwa tarehe 12 Machi 1941, Kibokoni, Mombasa, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli.

Alisoma mjini humo hadi mwaka 1958, akaingia chuo cha ufundi, akatoka mwaka wa pili. Familia ilisema ni afya. Yeye alikuwa mzima; aliyeugua ni mwalimu wake. Akarudi kuziba mipira ya baiskeli, kwa kanuni moja: paka sabuni, panapotoa povu ndipo panapovuja.

Alitua London Februari 1968, akaajiriwa Hounslow na kiwanda kidogo cha pampu za kufyonza maji matamu ya miti ya maple yanayopikwa kuwa shira, za kupelekwa Kanada. Nyuma ya karakana mipira ilitoka kwenye miti minne ya majaribio hadi kwenye pampu. Hewa ikipenya popote, mvuto hupotea na maji hayaji. Mvuto ukapotea. Msimamizi, Bwana Avtar, alimpa mpaka Ijumaa: apate tundu au atafute kazi kwingine. Marehemu alipaka sabuni viungo vyote, hakuona povu, akatangaza kuwa mipira ni mizima. Alhamisi Avtar alionja maji machache yaliyofika, akatema, akauliza nani ameoga humo.

Aliyemwokoa ni Bi Mardhiya Himid wa Wete, Pemba, mfungaji mizigo wa kiwanda.

"We kaka, huu mpira unavuta, haupulizi. Sabuni yako yote imo ndani. Tega sikio."

Wakatega. Kiungo cha kumi na tisa kilikuwa kinapiga mluzi. Kazi ikapona. Walioana Tooting tarehe 14 Septemba 1969, na tangu hapo kila marehemu alipoelekea kushinda ubishi, mkewe aliuliza, "Sabuni iko wapi?"

Mwaka 2016 mapafu yalianza kumchosha, akawekewa mashine ya oksijeni nyumbani. Tarehe 3 Machi 2019 mashine ilinguruma lakini pumzi haikumfikia. Bi Mardhiya alitega sikio, ila masikio yenyewe yalikuwa yamezeeka.

"Sabuni," marehemu akanong'ona.

"Dad, please, not the soap," alisema binti yao, Suad, simu mkononi.

"Hii inapuliza."

Ikapakwa. Povu likatoka kiungo cha pili cha mpira wa mashine. Bi Mardhiya akakifunga kiungo kwa utepe.

"Haya, bwana. Umeshinda."

Alifariki usingizini tarehe 7 Machi, uso umetulia kama wa mtu aliyeshinda rufaa.

Ameacha mjane, watoto wawili, Talib na Suad, na wajukuu watano wanaoelewa Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza. Apumzike kwa amani, na amani hiyo isivuje.